Majirani Kilimani, Unguja: watoto wakacheze wapi?

*Jumatano*

Mama Yusra: Assalaam alaykum majirani. Mimi mgeni wenu, ndo kwanza tumehamia hapa Kilimani. Nna wawili, mkubwa miaka mitano na mdogo karibu anatimiza miwili. Ndani hapakaliki, wanaruka juu ya makochi tokea alfajiri. Nyinyi watoto wadogo mnawapeleka wapi kucheza hapa mjini? Nataka pahala pa watoto hasa, si pa watu wazima kukaa na simu zao 😅

Mama Nasra: Wa alaykum salaam, karibu sana mwaya. Forodhani!

Baba Imran: Kila swali la kikundi hiki jibu lake Forodhani. Mtu akiuliza fundi wa friji mtamwambia Forodhani.

Mama Nasra: 😂😂 Sasa wewe baba Imran, watoto wako unawapeleka wapi? Au unamwachia mama yao?

Baba Imran: Maisara. Mpira mmoja, chupa ya maji, kwisha habari.

Bi Zuwena: Karibu mwanangu Mama Yusra. Kabla hujauliza pahala uliza saa. Mtoto wa miaka miwili ukimtoa saa saba mchana, popote utakapompeleka utarudi naye analia. Asubuhi mapema, au baada ya alasiri jua likishalala. Na magharibi ikiadhiniwa watoto wawe ndani.

Mama Yusra: Shikamoo bi Zuwena. Ahsante, hilo nimelishika.

Bi Zuwena: Marahaba.

Mama Nasra: Basi nikueleze Forodhani vizuri maana huyu anataka kuniharibia. Ile bustani tokea watu wa Aga Khan walipoifanyia ukarabati ikafunguliwa tena 2009, ina majani, ina vijia vya kukimbilia, kivuli kipo. Nenda saa kumi hivi, kabla hawajapanga meza za chakula. Usiku ni moshi wa mishkaki na wageni wamejaa, mtoto wa miaka miwili anapotea katikati ya miguu ya watu.

Mama Nasra: Na mkae mbali na ukuta wa baharini. Vijana wa makachu wanajitupa pale kwa mbwembwe zote, kinyumenyume, wengine wawili wawili. Wangu wa miaka mitano alitazama dakika chache tu, nageuka keshavua shati anatafuta pa kupandia.

Mama Yusra: Yarabi 🙆🏽‍♀️ Wangu huyo huyo, angekuwa keshafika majini.

Salma: Kariakoo je? Kile kiwanja cha kufurahishia watoto. Si cha bustani tu, michezo ya mashine ipo.

Mama Nasra: Kariakoo pazuri ila nenda siku ya kawaida. Skukuu usithubutu na mtoto mdogo. Mji mzima uko pale, na waliobaki wako Mnazi Mmoja. Watoto wote nguo mpya, wote wana pesa za skukuu mkononi, wote wanataka kupanda kitu kimoja.

Baba Imran: Na chukua pesa ndogo ndogo. Ukitoa noti kubwa mtoto akiiona, michezo yote ataipanda mara mbili.

Haji Chake: Hata sisi Pemba tunacho chetu, Tibirinzi. Msijione watu wa Unguja peke yenu.

Baba Imran: Haji ulihama Kilimani mwaka wa ngapi huu? Mbona kikundi hutoki?

Haji Chake: Nasubiri mnirejeshee ngazi yangu.

Mama Sleiman (nesi): Habari za jioni. Nimetoka zamu, nimesoma yote. Naomba niseme jambo moja maana naliona kazini na kila mara mzazi analia kuliko mtoto. Kwenye ile ya kuteleza, MSIWAPAKATE watoto mkashuka nao.

Salma: Eh? Mimi si ndo ninavyofanya siku zote, ili asianguke.

Mama Sleiman (nesi): Ndo wengi tunavyodhani. Mtoto akishuka peke yake, kiatu kikikwama ubavuni anasimama pale pale, uzito wake mdogo. Akiwa mapajani pako, mguu wake umekwama lakini wewe unaendelea kushuka na kilo zako sabini. Mfupa wa muundi unapinda mpaka unavunjika. Mwache ashuke mwenyewe, wewe simama chini umpokee. Kama hawezi kushuka peke yake basi ile ni ndefu kwake, mtafutie fupi.

Salma: Subhanallah. Sifanyi tena.

Mama Sleiman (nesi): La pili, mabinti. Ushungi wenye ncha ndefu usiende nao kwenye pembea wala kwenye ile ya kuzunguka. Mnyororo unakamata kitambaa na kitambaa kiko shingoni. Avae ule wa kushonwa kama wa skuli, au zile ncha aziingize ndani ya nguo. Kanzu ndefu za wavulana hali kadhalika, zinaingia miguuni wakipanda ngazi.

Mama Sleiman (nesi): La tatu, weka kiganja chako juu ya bati kabla mtoto hajakaa. Bati lililopigwa na jua linaunguza paja la mtoto upesi sana. Ukishindwa wewe kuweka mkono, na yeye asikae.

Mama Nasra: Nesi wetu Mungu akuweke. Mimi kuna mkahawa mmoja, jina sitaji, wana kona ya watoto imepakwa rangi inapendeza kwa picha. Nasra alitoka pale na mstari wa damu mgongoni. Kumbe kuna skrubu imetokeza nyuma ya kiti cha pembea, imefichwa na rangi. Tokea siku hiyo napitisha mkono mimi kwanza, kila pahala, watu wanicheke watakavyo.

Baba Hamdu: Samahani majirani, nami nina swali langu humu humu. Hamdu ana usonji, wengi mnamjua. Kelele zinamzidi, muziki wa spika ndo kabisa. Lakini pembea anaipenda kupita kiasi, anaweza kukaa saa nzima anapepea tu ametulia. Wapi pana pembea na hapana spika?

Mama Sleiman (nesi): Baba Hamdu, asubuhi ya siku za skuli, viwanja karibu vyote havina mtu. Hata Kariakoo muulize msimamizi ni saa gani wanapofungua hawajawasha muziki.

Baba Hamdu: Nimejaribu, yanakwenda. Tabu inakuja foleni ikiwepo. Watoto wanasema "zamu yetu", wana haki, lakini yeye ukimtoa ghafla siku nzima imeharibika. Wengine wananiangalia kama nimemdekeza.

Bi Zuwena: Atakayekuangalia hivo mwambie aje kwangu.

Mama Nasra: Baba Hamdu, kuhesabu kwa sauti vipi? Wa dada yangu ndo ilivyomsaidia. "Bado kumi, bado tano", anajua mwisho unakuja.

Baba Hamdu: Tunahesabu kwa maneno ya adhana 😊 anayajua kwa moyo. Ikifika mwisho anashuka mwenyewe. Siku nyingine lakini anaanza upya.

Shangazi Raya (Muscat): Nyie mnalia na jua la Unguja! Huku kiangazi watoto wanatolewa baada ya Isha. Bustani ya Qurum saa nne usiku utakuta wachanga, mabibi, mikeka, birika za chai. Mchana hata paka hatoki.

Bi Zuwena: Raya, mchezo wa watoto usiku? Na wewe umekubali?

Shangazi Raya (Muscat): Dada, joto linavunja sheria zote.

*Alkhamis*

Mjomba Haji Ngalawa: Nimeona mmetaja kila kitu, pwani hamkuitaja, na nyote mmezaliwa kisiwani. Mtoto mdogo mpe mchanga na kidimbwi, hana haja ya mashine. Ila mjue maji. Bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, saa nne ya asubuhi maji yamekupwa yako mbali, na saa kumi alasiri yamejaa. Hapo nendeni asubuhi. Wiki za maji mafu hayatoki sana, basi msitegemee vidimbwi.

Mjomba Haji Ngalawa: Viatu vya mpira vya kubana, si ndara. Shokomzoba, yule wa miiba, hamjui mtoto wala mkubwa. Na mzazi awe upande wa bahari, mtoto upande wa nchi kavu. Nawaona mnakaa juu ukutani mnawaita watoto kwa sauti. Hiyo si kuangalia.

Mama Yusra: Ahsante mjomba. Na kule kisiwa cha Changuu kwenye makobe, mtoto wa miaka miwili anaweza?

Mjomba Haji Ngalawa: Anaweza, watoto wanawapenda sana wale makobe. Lakini chombo kisichokuwa na jaketi la saizi ya mtoto usipande. La mtu mzima linamtoka kichwani. Muulize nahodha kabla hujampa pesa.

Salma: Sasa nami niseme. Forodhani bajaji, Changuu boti, Kariakoo kila mchezo pesa. Mwisho wa wiki moja moja sawa. Lakini Jumatatu? Jumanne? Hapa hapa katikati ya nyumba zetu kuna uwazi ule, Wajerumani Mashariki walipojenga waliuacha makusudi. Miembe ipo, kivuli kipo, mama anachungulia dirishani akiwa anapika. Na tunautumia kwa nini? Pikipiki.

Salma: [picha]

Salma: Tazameni. Ile nguzo ya pembea imebaki mnyororo mmoja. Watoto wanauzungusha wanaupiga kwenye ukuta.

Baba Imran: Kweli hizi pikipiki zimezidi. Watu hawana adabu.

Nassor Fundi: Hiyo nguzo naijua. Imeoza chini kwenye zege, msiwaache watoto waiguse. Nikate niweke nyengine. Bomba ninalo limebaki kazini, mnyororo ndo wa kununua. Ule wa macho madogo, vidole vya mtoto visiingie.

Mama Nasra: Mashallah Nassor! Na chini tupige saruji kabisa, tope liishe.

Mama Sleiman (nesi): Saruji hapana jamani! Mtoto akidondoka kwenye pembea kichwa ndo kinatangulia. Mchanga. Mwingi, sentimita thelathini kwenda chini, na uwe unafukuliwa kwa reki maana ukishakanyagwa unakuwa mgumu kama saruji hiyo hiyo.

Baba Imran: Mchanga rahisi, tunachota pwani pale usiku mmoja tu.

Mjomba Haji Ngalawa: Baba Imran, kuchimba mchanga pwani ni kosa. Fukwe zinaliwa na bahari na wewe unaisaidia. Tununue wa kibali.

Baba Imran: Nilikuwa natania mjomba 🙏🏽

Mama Nasra: Na paka? Mchanga safi mtaa huu ni choo cha paka wote mpaka wa Migombani.

Bi Zuwena: Turubai. Jioni linafunikwa, mawe pembeni, asubuhi linafunuliwa. Dirisha langu liko pale pale, kazi hiyo niachieni mimi, ila watoto wa Salma waje wanisaidie kuvuta.

Salma: Watakuja bi Zuwena, hata leo.

Nassor Fundi: Kiti cha pembea nafanya cha tairi kuukuu, hakimuumizi mtoto kikimgonga. Kimoja cha tairi, kimoja cha mdogo chenye mgongo na kizuizi mbele.

Mama Sleiman (nesi): Tairi toboa matundu chini, Nassor. Maji ya mvua yakituama ndani tunafuga mbu wa dengi wenyewe.

Nassor Fundi: Matundu manne, sawa.

Baba Imran: Na wakubwa wa mpira je? Wamecheza pale miaka yote, hatuwezi kuwafukuza kwa ajili ya pembea mbili.

Salma: Hawafukuzwi. Pembea zikae upande wa miembe, mpira upande wa barabara. Na wakubwa wanatoka skuli jioni, asubuhi wadogo wanapata chote.

Baba Imran: Goli lao moja lakini ni ile miembe.

Salma: Walihamishe.

Baba Imran: Imran keshakasirika, anasoma begani kwangu.

Bi Zuwena: Mwambie Imran goli atachorewa ukutani kwangu. Chokaa ninayo. Akivunja kioo atalipa baba yake.

Salma: Sheha, kiongozi wetu wa mtaa, tumwambie kwanza, isije ikawa maneno. Mimi napita kwake kesho baada ya Ijumaa. Anayeweza kuchangia mnyororo na mchanga aandike jina hapa, kiasi si lazima mukitaje.

Mama Yusra: Mimi mgeni lakini niandikeni. Na mume wangu ana reki.

Baba Hamdu: Niandikeni na mimi. Nassor, ile pembea ya tairi iweke pembeni mwisho, tafadhali.

Nassor Fundi: Yake hiyo, pembeni kabisa, chini ya mwembe.

Haji Chake: Natuma changu kwa simu. Ngazi yangu mtaitumia kufungia mnyororo, kisha MNIRUDISHIE.

*Ijumaa*

Salma: Sheha karidhia. Kasema tusiguse bomba la maji linalopita karibu na mwembe wa pili, na tumwite siku ya kuchimba.

Nassor Fundi: Niko kiwanjani napima. Mashimo mawili hapa, mawili pale. Moja linaangukia penye pikipiki nyekundu, imefungwa kufuli. Ya nani hii?

Nassor Fundi: [picha]

Mama Nasra: 👀

Bi Zuwena: Mimi naijua ya nani, nasubiri aseme mwenyewe.

Baba Imran: Nashuka, nashuka.