Mjadala: Romney alijibiwa kwa hoja au kwa kicheko?

Wa Mkomani (mwenye kufungua)

Hapa Lamu ukilitaja barazani jina la Mitt Romney, Mrepublican aliyeshindwa na Obama, wanaoukumbuka uchaguzi wa Marekani wa 2012 hucheka kwanza. Waulize wanacheka nini. Mmoja atakwambia mbwa juu ya paa la gari. Mwingine atakwambia ni yule tajiri aliyewadharau maskini. Wa tatu hakumbuki kitu, anacheka kwa kuwa wenziwe wamecheka. Mtu alikuwa gavana wa Massachusetts miaka minne, akasaini huko sheria ya bima ya afya mwaka 2006, akagombea urais, akakaa Seneti miaka sita kwa tiketi ya Utah, na kilichobaki kwetu ni mbwa.

Nasema alionewa. Magazeti makubwa na runinga za Marekani zenye kuegemea upande wa kiliberali zilimcheka mahali palipotakiwa ajibiwe. Sisi tukakipokea kicheko kile kama kilivyo, kwa sababu mshindani wake alikuwa Obama, ambaye babake ni mtu wa Kogelo, huku kwetu Kenya. Simlaumu mtu. Obama aliposhinda 2008 Rais Kibaki alitupa sikukuu nchi nzima, na mimi niliila sikukuu hiyo kama ninyi. Lakini mapenzi mbali, hukumu mbali.

Ushahidi wangu mkubwa ni Urusi. Machi 2012 Obama alikuwa Seoul na Rais Medvedev. Kipaza sauti kilichosahauliwa kikamnasa akimwambia Mrusi kwamba uchaguzi ukishapita atakuwa na nafasi zaidi ya kulegeza mambo. CNN ikamuuliza Romney, naye akajibu kuwa Urusi bila shaka ndiyo hasimu namba moja wa Marekani katika siasa za dunia, kwani watawala waovu kabisa wakibanwa, Urusi ndiyo inayowakingia kifua. Mtangazaji alipombana, akatenga mambo mawili: la hatari kubwa zaidi ni Iran kuwa na bomu la nyuklia, na Urusi ni hasimu kwa vile inawalinda watu kama hao Umoja wa Mataifa. Hakuwa akiota. Tarehe 4 Februari mwaka huo huo Urusi na China zilitumia kura ya turufu kuliua azimio la Baraza la Usalama kuhusu Syria.

Alijibiwaje? New York Times ikaandika tahariri kuwa maneno hayo ama ni kutoijua dunia kwa kiasi cha kushangaza, ama ni siasa za woga. Oktoba 22, katika mdahalo wa Boca Raton, Obama akamwambia miaka ya 1980 inapiga simu, inataka irudishiwe sera yake ya mambo ya nje. Mzaha mzuri, nakiri, na siku zilizofuata ukarudiwa kana kwamba ni jibu. Ile kura ya turufu ya Syria haikuwa na mzaha wake, kwa hiyo haikuzungumzwa.

Machi 2014 Urusi ikaimega Crimea. Septemba 2015 ndege zake zikaanza kupiga Syria. Februari 24, 2022 ikaivamia Ukraine nzima. Katikati ya hayo, Februari 2019, Madeleine Albright, waziri wa mambo ya nje wa zamani wa serikali ya Clinton na mtu wa chama cha Obama, aliketi mbele ya kamati ya Bunge akasema yeye binafsi ana deni la kumtaka Romney radhi, kwa sababu waliidharau Urusi.

Wala msiseme ni ya Wamarekani hayo. Kenya hununua nje sehemu kubwa ya ngano yake, na Urusi na Ukraine zilikuwa miongoni mwa wauzaji wetu wakubwa. Mwaka 2022 kila mpika mahamri wa kisiwa hiki aliijua bei ya unga, na kila mwenye boti ya Mokowe aliijua bei ya petroli. Julai 2023 Urusi ilipojitoa katika mkataba wa kupitisha nafaka Bahari Nyeusi, Korir Sing'oei, katibu katika wizara yetu ya mambo ya nje, alisema ni kuchomwa kisu mgongoni.

Haya, semeni.

Wa Langoni

Bwana wa Mkomani, umeanza na hoja yako nzito kuliko zote, na umefanya busara, maana zilizobaki zitapeperuka.

Hebu irudishe akili yako Lamu ya 2012, usiihukumu kwa macho ya leo. Septemba na Oktoba 2011 watu walitekwa Kiwayu na Manda wakavushwa Somalia. Hoteli zikakosa wageni, mabichiboi wakarudi kuvua. Oktoba hiyo hiyo jeshi letu likaingia Somalia, na Septemba 2012 likawa linaitwaa Kismayo. Mwaka ule ungemwambia mtu wa Lamu kwamba shida ya dunia iko Moscow, angekuuliza Moscow iko upande gani wa Ras Kamboni, pale mpakani Somalia. Nairobi 1998 tulizika zaidi ya watu mia mbili kwa bomu la al-Qaeda. Obama alipoiweka al-Qaeda mbele, hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa akisema jambo ambalo sisi tulilijua kwa makaburi.

Na hilo la kudharau maskini hukulijibu, umelipita kama mtu apitaye mlangoni kwa mdai. Mei 2012 Romney alikuwa faraghani na matajiri wanaomchangia fedha. Akawaambia kwamba asilimia 47 ya Wamarekani watampigia Obama iwe iweje, kwamba wanategemea serikali, wanajiona wameonewa, hawalipi kodi ya mapato, na kwamba kazi yake si kuwahangaikia watu hao. Septemba jarida la Mother Jones likaitoa video. Nani alimzulia? Sauti ni yake. Kazi ya mwandishi wa habari ni ipi kama si hiyo?

Nahodha wa Shela

Mimi siasa za Marekani simo. Nauliza tu habari ya mbwa.

Wa Mkomani

Nahodha, ni safari ya familia ya mwaka 1983, walikuwa wakienda Canada. Gari limejaa watoto, mbwa akatiwa katika tundu lake, tundu likafungwa juu ya paa na kukingwa upepo. Mbwa akaharisha njiani, Romney akasimama akamwosha yeye na gari, wakaendelea. Gail Collins, mwandishi wa safu wa New York Times, alimrudia mbwa huyo makala baada ya makala mpaka ikawa ndiyo alama yake. Taifa lina vita Afghanistan na watu hawana kazi, na safu ya gazeti inahesabu mbwa wa miaka karibu thelathini nyuma.

Nahodha wa Shela

Basi wasije Lamu wakaona tunavyompakia punda jahazini. Tutakosa wote kura.

Bi wa Malindi

Niruhusuni, ndugu zangu. Mimi la Urusi nawaachia. Nina langu la Oktoba 16, 2012, ule mdahalo wa pili, Romney alipoulizwa habari ya mishahara ya wanawake. Akaeleza kwamba alipokuwa gavana mpya aliletewa majina ya wanaume watupu, akauliza kwani wanawake wenye sifa hawapo, akapata majalada yamejaa majina ya wanawake. Alilisema vibaya. Kabla mdahalo haujaisha watu walikuwa wameshaugeuza usemi wake wa "majalada yaliyojaa wanawake" kuwa utani, na vyombo vya habari vikaupokea kwa furaha.

Lakini naibu gavana wake alikuwa mwanamke, Kerry Healey. Mkuu wa ofisi yake alikuwa mwanamke, Beth Myers, na Romney alieleza usiku ule ule kwamba walimpangia saa za kazi ili awahi nyumbani kwa wanawe. Hilo ndilo lililonipendeza mimi niliyelea huku nikifanya kazi. Halikuchekesha, likatupwa.

Kwetu Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge likashindwa kutunga sheria ya kulitimiza hilo hata Jaji Mkuu Maraga, Septemba 2020, akamshauri Rais alivunje Bunge. Halikuvunjwa. Wanaume wetu wanasema kwa Kiswahili sanifu kabisa, hakuna awachekaye, na sisi tungali tunahesabu viti. Mimi nipeni mwenye ulimi mzito na orodha mkononi.

Wa Langoni

Bi mkubwa, heshima yako, lakini orodha ile hakuiagiza yeye. Iliandaliwa na muungano wa makundi ya wanawake kabla ya uchaguzi, kusudi atakayeshinda, awe nani, apelekewe. Waliompinga walilisema hilo, na ni hoja, si kicheko.

Bi wa Malindi

Ni hoja, naikubali. Orodha hata hapa zinaandikwa. Mimi natazama aliyeifungua akaajiri.

Mzee wa Matondoni

Yambo la Urusi mbona mwalitafuta mbali? Siku tatu kabla ya vita vya Ukraine, balozi wetu Martin Kimani alisimama katika Baraza la Usalama akawambia: sisi Waafrika mipaka yetu ilitorwa London na Paris na Lisbon, ndugu wakatengwa na ndugu, na hatukuingia vitani kuirudisha. Sisi Wabajuni wenye watu wetu ng'ambo ya Kiunga, upande wa Somalia, tulimfahamu. Hakumcheka mtu, hakumtukana mtu, na dunia ikamsikiza. Huyo Romney wenu simyui.

Wa Mkomani

Mzee wangu, shikamoo. Balozi wetu alisikizwa kwa sababu walikaa wakamsikiliza mpaka mwisho. Mimi ndilo ninalomdaia Romney, basi.

Wa Langoni, la asilimia 47 silitetei. Alikosea, na mwenyewe Oktoba 2012 alisema alikosea kabisa. Mother Jones walifanya kazi ya haki pale: wameleta kauli, wameleta tarehe, msomaji ahukumu. Nagombana na mengine. Februari 2012 Charles Blow, mwandishi wa safu wa New York Times, alimkejeli mtandaoni kwa vazi la ndani ambalo Wamormoni hulivaa kwa ibada. Hebu mtu aandike hivyo juu ya kanzu na kofia zetu, au buibui la mama zetu, tuone kama uwanjani Mkunguni patatulia jioni hiyo. Mwaka ule ule Harry Reid, kiongozi wa Wademokrati walio wengi Seneti, akadai Romney hakulipa kodi miaka kumi, chanzo chake mtu asiyetajwa. Dai likatembea runingani wiki baada ya wiki. Romney, aliyekuwa ameshatoa hesabu zake za kodi za 2010, akatoa na za 2011, na barua ya kampuni ya ukaguzi ya PricewaterhouseCoopers kwamba kwa miaka 20 alilipa kila mwaka. Mwaka 2015 CNN ilipomuuliza Reid juu ya dai lile, alijibu: Romney hakushinda, sivyo?

Tena tazameni kilichofuata. Februari 5, 2020 Romney alipiga kura kumtia Trump hatiani kwa matumizi mabaya ya madaraka, seneta wa kwanza katika historia yao kupiga kura ya kumwondoa rais wa chama chake mwenyewe. Alisema kiapo chake mbele ya Mungu kimemfunga. Walewale waliolicheka vazi na dini sasa wakamsifu kwa dini. Mtu hakubadilika: mhafidhina yule yule, msimamo ule ule juu ya utoaji mimba na kodi, ibada ile ile. Kilichobadilika ni nani anayeumizwa naye.

Wa Langoni

Blow aliomba radhi siku chache tu baadaye, ungelisema hilo. Na Reid ni mwanasiasa, usimvishe joho la mwandishi wa habari.

Sasa nikuulize wewe uliyekuja kulalamikia kicheko. Februari 2, 2012, Las Vegas, Romney alisimama hotelini kwa Trump kupokea baraka zake za kampeni. Trump huyo mwaka mzima uliotangulia alikuwa akieneza uongo kwamba Obama hakuzaliwa Marekani. Agosti 24, Michigan, Romney mwenyewe akaufanyia mzaha mkutanoni, akasema yeye hakuna aliyewahi kumwomba cheti cha kuzaliwa, kila mtu anajua alizaliwa hapo. Watu wakashangilia. Cheti gani kile? Ni cha mtu ambaye babake alikuwa Mkenya. Kicheko kile kilikuwa kinatucheka sisi: kwamba mwenye damu ya huku lazima aonyeshe karatasi. Wewe na mimi tunaijua foleni ya kitambulisho. Mtu wa pwani alikuwa akiulizwa cheti cha babu, mwenzake wa bara akiingia akitoka. Unamtetea huyo?

Wa Mkomani

Siku ile namtetea kwa lipi? Ulikuwa mzaha mbaya, na waliomkaripia walikuwa na haki.

Lakini umenisaidia bila kutaka. Jambo hili la cheti ni zito mara mia kuliko mbwa, lina tarehe, lina mahali, lina maneno yake mwenyewe. Kwa nini basi barazani mbwa anakumbukwa na cheti kimesahauliwa? Ni kwa sababu mbwa aliandikwa kila juma. Wewe peke yako umemkosoa vizuri kuliko safu nzima ya gazeti, tena hukuhitaji kumcheka. Ndivyo ningetaka wangemkosoa.

Wa Langoni

Unajua kugeuza tanga, bwana. Na Machi 2016 alipomwita Trump tapeli, halafu Novemba akaenda kula naye chakula cha usiku New York akitaka uwaziri wa mambo ya nje, hilo nalo waliandikaje?

Wa Mkomani

Waliipiga picha, wakamcheka uso.

Wa Langoni

Hapo walikuwa na haki. Sikiza: Urusi nakupa, aliona mbali, na alistahili kujibiwa kwa hoja. Mbwa hanihusu. Ya majalada muulize Bi wa Malindi. Cheti sikusamehei wewe wala yeye.