Pambo la boneti la Morris Minor limekatika sikio: liunganishwe kwa moto, kwa gundi, au lisubiwe upya?

Mkazi wa Chumbageni:

Shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwa wenzangu wote mnaopenda magari ya zamani. Ninalo gari aina ya Morris Minor 1000 ambalo marehemu babu alilitumia alipokuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Muheza. Injini na breki zimekaa sawa, na sasa nimefikia mapambo. Pambo la mbele la boneti, ambalo ni la metali ya kusubu iliyochovywa kromu, limekatika mojawapo ya masikio ya nyuma yanayoshikilia skrubu, na kutoka penye mvunjiko kuna ufa mfupi unaoelekea usoni. Aidha, uso wenyewe umeota vipele ambavyo ukivikwangua vinatoa unga mweupe.

Fundi mmoja wa kuchomelea ameniambia kwamba ni aluminiamu na kwamba ataliunga kwa gesi huku nikisubiri. Mwingine amelitazama akasema ni chuma chakavu, nilitupe. Nimejaribu sumaku, nayo haishiki. Naomba kujua ni metali gani hasa, kama inaungika, na vile vipele vinatibiwaje. Ninajua kwamba mapambo mapya ya gari hili bado yanatengenezwa Uingereza, lakini ningependa kipande cha babu kibaki kwenye gari lake.

Fundi Mstaafu, Ngamiani:

Marahaba, kijana wangu. La kwanza kabisa, usimkabidhi mtu wa gesi hilo pambo, hata akikuapia. Chuma kingeshika sumaku, na shaba ya njano isingetoa unga mweupe. Aluminiamu hutoa unga wa namna hiyo, lakini ni nyepesi, na unaweza kuithibitisha au kuiondoa kwenye hesabu bila gharama yoyote: lipime pambo kwa mizani ya gramu, kisha lizamishe katika chombo kilichojaa maji hadi ukingoni na uyakinge maji yanayomwagika. Gawanya gramu kwa mililita. Ukipata karibu 2.7, hiyo ni aluminiamu. Ukipata kati ya 6 na 7, basi ni aloi ya zinki, ambayo Wamarekani huiita Zamak na Waingereza huiita Mazak, yaani zinki iliyotiwa aluminiamu kama asilimia 4, magnesi kidogo sana, na mara nyingine shaba. Mimi naamini utapata jibu la pili.

Aloi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 385 hivi za selsiasi, ilhali mwali wa gesi ya asetilini na oksijeni hupita nyuzi 3,000. Chuma humwonya fundi kwa kuwa chekundu kabla hakijalainika. Zinki haitoi onyo; inabaki na rangi ile ile, halafu inaporomoka mara moja kama samli iliyosahauliwa juani, na mkononi unabaki na ganda la nikeli na kromu ambalo ndani yake hamna kitu. Tena ikizidi kupashwa joto hutoa moshi mweupe ambao humletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye. Wenzetu wengi hunywa maziwa wakiamini kwamba yanaikinga homa hiyo, na mimi pia nililelewa hivyo karakanani, lakini maziwa hayazuii moshi kuingia mapafuni.

Kwa sikio lililokatika, moto hauhitajiki. Sawazisha penye mvunjiko kwa tupa hadi uone metali safi, kisha ukate kibao chembamba cha shaba ya njano kinachofuata mkunjo wa mgongo wa pambo, na ukilehemu skrubu katikati yake kikiwa bado pembeni, mbali na pambo lenyewe. Kwangua mgongo wa pambo na kibao kwa msasa mkali wa namba 80, usafishe kwa asetoni, kwa kuwa thina ya rangi mara nyingi huacha mafuta, kisha ukigandishe kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili yenye unga wa chuma. Kiache usiku na mchana mzima kabla ya kukigusa. Gundi hiyo hiyo ijaze ufa kwa upande wa nyuma. Kibao husambaza mzigo mahali papana, na ndiyo maana nakipendelea kuliko kutoboa kwa keekee na kuchonga nyuzi za skrubu katika metali ambayo tayari ina ufa.

Dereva wa Pangani:

Ndugu, kwa nini kujisumbua hivyo? Peleka pambo kwa wanaosubu sufuria, walitumie kama kielelezo kwenye mchanga, upate jipya la aluminiamu. Ukiling'arisha hakuna atakayejua.

Mwalimu wa Kemia, Raskazone:

Namuunga mkono fundi kuhusu kibao, lakini naomba kuongeza jambo kuhusu vipele, maana hapo ndipo watu wengi huharibu kazi. Ngozi ya kromu ni nyembamba mno na ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Unyevu wenye chumvi ukipenya hadi kwenye zinki, zinki ndiyo inayoliwa, si shaba wala nikeli iliyo juu yake, na uchafu unaozaliwa huvimba na kuinua ngozi kutoka chini. Kwa hiyo kusugua kipele hakukiponyi, kwa kuwa ugonjwa uko ndani.

Wapo watakaokushauri uliloweke pambo katika asidi ili kromu itoke. Itatoka, lakini asidi hiyo hiyo itaendelea kuila zinki kupitia kila kitundu. Kazi kamili hufanywa katika kiwanda cha kuchovya: ngozi ya zamani huondolewa, kila kishimo huchimbwa hadi metali safi, pambo huchovywa shaba, vishimo hujazwa kwa lehemu ya stani na risasi inayoyeyuka kwenye nyuzi 183, chini sana ya kiwango cha kuliyeyusha pambo, kisha hufuata shaba tena, nikeli na kromu. Shaba ya kwanza kwa kawaida huwekwa katika maji ya sianidi, na kromu ya aina ya zamani hutumia kemikali inayosababisha saratani, kwa hiyo si shughuli ya kufanyia uani.

Ipo hofu moja ambayo unaweza kuiweka kando. Mapambo ya miaka ya 1920 na kabla yake mara nyingi yalikuwa na risasi iliyochanganyika na zinki, nayo huyapasua kutoka ndani hadi yakamomonyoka. Aloi ya Zamak ilipotolewa na New Jersey Zinc Company mwaka 1929, ilitumia zinki safi sana ili kuliepuka tatizo hilo. Minor 1000 ilianza kutengenezwa mwaka 1956, kwa hiyo ufa wako yamkini umetokana na nati iliyokazwa kupita kiasi.

Kuhusu ushauri wa Pangani, si mbaya, ila aluminiamu husinyaa inapopoa: kwa kila sentimita 30 utapoteza takriban milimita 4, na masikio hayatalingana tena na matundu ya boneti. Kielelezo lazima kirefushwe kwanza. Tena aluminiamu haikubali kuchovywa kromu bila maandalizi ya pekee, na mng'aro wake katika hewa yetu ya bahari haudumu.

Mkazi wa Chumbageni:

Nawashukuru sana. Nimelipima kama mzee alivyoelekeza, nimepata 6.6. Nitatengeneza kibao cha shaba, na kromu itasubiri hadi nipate kiwanda cha kuaminika Dar es Salaam. Je, vipele nivifunike kwa rangi ya fedha kwa sasa, na kibao cha shaba hakitaila zinki kama nikeli ilivyofanya?

Mwalimu wa Kemia, Raskazone:

Kitaila iwapo vitagusana penye unyevu. Tandaza gundi iwe tabaka kamili kati yao, na izibe kingo zote za kibao. Rangi ya fedha achana nayo, kwa sababu itabidi ikwanguliwe baadaye. Osha kwa maji baridi, kausha vizuri, kisha upake nta ya gari.

Fundi Mstaafu, Ngamiani:

Na unapolifunga, weka pedi ya mpira kati ya pambo na boneti, pamoja na washa ya nailoni chini ya nati. Nati ikaze kwa vidole, kisha robo ya mzunguko kwa spana, usiongeze. Ukiogopa italegea barabarani, tumia nati yenye nailoni ndani.