Hataza ya James Watt: iliisukuma injini ya mvuke au iliikwamisha?

Mtoa mada: Wakuu, hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake) ya kondensa ya Watt, yaani chombo cha kupozea mvuke ugeuke maji, ilitolewa 1769, ikawa iishe 1783. Mwaka 1775 Bunge la Uingereza likairefusha hadi 1800. Naamini miaka hiyo 17 ya nyongeza iliwafunga wengine mikono. Jonathan Hornblower alipata hataza ya injini ya silinda mbili mwaka 1781: mvuke ukimaliza kazi kwenye ndogo unaingia kubwa. Alipoomba Bunge limwongezee muda mwaka 1792, Watt na mbia wake Matthew Boulton wakampinga, akakosa. Mwaka 1799 wakamshinda nduguye Jabez mahakamani.

Fundi Boila: Mkuu, tuanzie kwenye chuma. Injini ya Newcomen, iliyotumika kabla ya ile ya Watt, ilinyunyiziwa maji baridi ndani ya silinda ileile. Mvuke ukageuka maji, ombwe (nafasi tupu isiyo na hewa) likapatikana, hewa ya nje ikasukuma pistoni chini. Mvuke uliofuata ulianza kwa kuipasha silinda upya, na makaa mengi yaliishia hapo. Watt alihamishia ubaridi nje: kondensa ibaki baridi, silinda ibaki moto, pampu itoe hewa na maji. Wazo ni la 1765, lakini injini za kuuza zilianza kazi 1776, kwa sababu silinda hazikuwa duara sawasawa na mvuke ulivuja pembeni mwa pistoni. Aliyetatua hilo ni John Wilkinson, kwa mashine ya kuchimbia silinda yenye mhimili ulioshikwa ncha zote mbili. Silinda moja ya inchi 50 haikukosea hata unene wa sarafu ya zamani ya shilingi. Nani angemwaga fedha kwenye kazi hiyo, hataza ikiwa imebakiza miaka minane?

Mdau wa Migodi: Kurefushwa naelewa. Ada ya kutumia injini ya Watt ndiyo iliyoumiza. Cornwall, eneo la migodi kusini-magharibi mwa Uingereza, hakuna makaa, yaliletwa kwa meli kutoka Wales. Mgodi ulilipa theluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa ukilinganisha na Newcomen, na kihesabio chenye kufuli kiliwekwa kwenye boriti ya injini, ile inayopanda na kushuka, kuhesabu mipigo. Kuanzia 1811, hataza ikiwa imeshaisha, wahandisi wa huko walichapisha kila mwezi kazi ya kila injini kwa kila busheli (kipimo cha ujazo) ya makaa, na wastani ukapanda zaidi ya mara mbili kabla ya katikati ya karne. Ujuzi ulikuwepo, ila ulikuwa haujaachiwa.

Fundi Boila: Kilichopandisha wastani ni mvuke wa shinikizo kubwa, nalo lilitaka boila imara. Boila ya Richard Trevithick, mhandisi wa Cornwall, ililipuka Greenwich mwaka 1803 na kuua watu, ndipo akaongeza vali ya pili ya usalama na kizibo cha madini ya risasi kinachoyeyuka maji yakipungua. Silinda mbili za Hornblower kwa shinikizo dogo zilikuwa na faida ndogo mno.

Mtoa mada: Sawa, lakini mhandisi Arthur Woolf alizifufua silinda mbili kwa shinikizo kubwa mwaka 1804, na bado alihitaji kondensa. Nitajieni mhandisi aliyekuwa huru kuijaribu kabla ya 1800 bila kuitwa mahakamani.