Talaka na kesi ya jinai kwa wakati mmoja: wakili wa peke yake anatosha?

Mtafuta Njia aliuliza:
Wakuu, naomba mwongozo. Mume ameshtakiwa kwa kumpiga mkewe, yuko nje kwa dhamana. Kesi haijaanza kusikilizwa, na mke naye ameshafungua shauri la talaka. Kuna watoto wawili na nyumba ya kugawana. Uwezo wa kampuni kubwa ya mawakili haupo. Amepatikana wakili anayefanya kazi peke yake, ofisini ni yeye na karani tu, na anasema atayabeba mashauri yote mawili. Aulizwe nini kabla ya kupokea hela?

Bi Masjala:
Kuyabeba yote mawili anaweza, na wakati mwingine ni nafuu kuliko kuwa na mawakili wawili wasiosemezana. Lakini mtego wenyewe uko hapa: kwenye kesi ya jinai mshtakiwa ana haki ya kukaa kimya, ilhali kwenye talaka anatakiwa kujibu madai kwa maandishi, mara nyingi chini ya kiapo. Sasa mume akiandika kwenye hati ya kiapo "nilimsukuma tu kwa sababu alinikwida shati", ameshakiri kwamba alimgusa. Mwendesha mashtaka akiipata karatasi hiyo, anaweza kuitumia dhidi yake.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: "Majibu ya talaka utayaandikaje wakati kesi ya jinai haijaisha?" Anayeijua kazi ataeleza njia zake. Anaweza kuomba shauri la familia lisubiri, zima au sehemu tu. Au atajibu kwa kina mambo ya mali na matunzo ya watoto, na tuhuma za kipigo azikane kwa ujumla bila kusimulia tukio. Kila njia ina gharama yake: kusubiri kunachelewesha amri za watoto, na kuna nchi ambako mahakama ya madai inaruhusiwa kuutafsiri ukimya vibaya. Akijibu "hizo ni kesi mbili tofauti, usijali", tafuteni mwingine.

La pili ni masharti ya dhamana. Mara nyingi mshtakiwa anakatazwa kuwasiliana na mlalamikaji, na ujumbe wa simu wa "naomba nione watoto Jumamosi" unaweza kuhesabika kuwa amevunja sharti. Hata mke akiwa ndiye aliyeanza kuandika, aliyekatazwa ni mume. Wakili aombe mahakama ya jinai ilegeze sharti, mathalani watoto wapokelewe na mtu wa tatu, ndipo mahakama ya familia ipange siku za kuwaona. Amri mbili zikigongana, mteja afuate iliyo kali zaidi mpaka ibadilishwe.

Kizimbani:
Naongezea upande wa ofisi ya mtu mmoja. Ujuzi anaweza kuwa nao kuliko hao wa majengo marefu. Kinachomwangusha ni kalenda. Asubuhi moja anaitwa mahakama mbili, na kwa kawaida anakwenda ile ya juu, wewe unaahirishiwa. Muulizeni kwa jina ni wakili gani mwenzake husimama kwa niaba yake. Siku ya kesi kutajwa tu, yaani kupangiwa tarehe bila kusikiliza mashahidi, mwenzake anatosha. Siku ya kumhoji mlalamikaji maswali ya dodoso, hapana: anayehoji awe amesoma maelezo yake ya polisi mstari kwa mstari, maana kazi yote ni kuonyesha mahali maneno ya kizimbani yanapopishana na yale aliyoandikisha. Sharti hilo liandikwe kwenye mkataba.

Muulizeni pia faili zitakwenda wapi akiugua muda mrefu. Asiye na jibu, mteja ndiye atakayehangaika kufukuzia karatasi huku muda wa kukata rufaa unayoyoma. Dawa yake ni kudai nakala ya kila kitu tangu siku ya kwanza: hati ya mashtaka, masharti ya dhamana, maelezo ya mashahidi, na kila kilichowasilishwa kikiwa na muhuri wa mahakama. Bila muhuri huna uthibitisho kwamba kimefika.

Na kabla ya yote hayo, hakikini jina lake kwenye orodha rasmi ya mawakili na kwamba leseni yake iko hai sasa hivi. Vishoka, yaani mawakili bandia, wanapenda sana kesi za ndoa na za dhamana, kwa sababu mteja ana haraka na hasomi anachosaini.

Mtafuta Njia:
Asanteni sana. Kuhusu ada: kwa sababu fedha taslimu ni ndogo, amependekeza achukue asilimia ya mgawo wa nyumba. Ni sawa?

Stakabadhi:
Hapo simameni kwanza. Nchi nyingi zinakataza ada ya asilimia ya matokeo kwenye talaka, na kwenye utetezi wa jinai ndiyo kabisa. Sababu haijifichi: wakili anayekula mgawo wa nyumba hana hamu ya wanandoa kupatana wala kumalizana mapema.

Dai mikataba miwili, kila shauri na wake. Jinai huenda vizuri kwa ada maalumu iliyokatwa kwa hatua: dhamana na kutajwa, kusikilizwa, kuomba nafuu ya adhabu akitiwa hatiani. Rufaa karibu kila mara huwa nje ya bei, na watu hushtuka siku ya hukumu. Iandikwe pia kiasi kinachorudishwa mashtaka yakifutwa mapema. Talaka haitabiriki, kwa hiyo wengi hutoza kwa saa. Omba hesabu ya kila mwezi na kikomo ambacho hakivukwi bila idhini ya maandishi. Ada za mahakama, nakala na mthamini wa nyumba zitajwe kando, la sivyo zitaibuka baadaye zikiitwa "usumbufu mdogo". Fedha ya kutanguliza ambayo bado hajaifanyia kazi ikae kwenye akaunti ya wateja, si mfukoni mwake, na risiti itoke siku hiyo hiyo.

Je, wakili huyu aliwahi kumshauri mke, au kuandika mkataba wa ununuzi wa nyumba hiyo kwa niaba ya wote wawili? Kama ndiyo, huenda akalazimika kujitoa katikati, na ada iliyoliwa ikawa ugomvi mwingine. Akidai hela "ya kumwona hakimu", ondokeni. Hiyo ni rushwa, na mume atakuwa ameongeza shtaka la pili.

Mtafuta Njia:
La mwisho. Anayelipa ni kaka wa mume. Anaweza kukaa kwenye kikao na wakili?

Bi Masjala:
Akae kwenye sehemu ya ada, kisha atoke. Mteja ni mshtakiwa, si mlipaji. Mtu wa tatu akisikia maelezo ya tukio, ile kinga ya siri kati ya wakili na mteja inaweza kupotea, na kaka anaweza kuitwa kutoa ushahidi wa alichosikia. Risiti ibebe jina la kaka, mkataba usainiwe na mume, na wakili asimpe kaka taarifa za kesi bila ruhusa ya mume kwa maandishi.