Kipimo cha kichaa cha mbwa: slaidi zina ukungu wa kijani, nianzie wapi?

Mpimaji_Mifugo: Wakuu wa maabara, naomba ushauri. Kipimo ni kile cha kingamwili zenye rangi ya FITC (inayong'aa kijani kwenye darubini) kwenye ubongo wa mbwa. Kontroli chanya (slaidi inayojulikana kuwa na virusi) inang'aa hafifu, na kontroli hasi (isiyo na virusi) ina ukungu wa kijani. Asetoni -20°C saa 1, konjugeti (hizo kingamwili zenye rangi) 37°C dakika 30, kuosha kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) mara 1, kifuniko kwa gliserini 50%.

Asetoni_Kavu: Anza na gliserini, mkuu. Ishushe hadi 20% kwenye bafa ya Tris yenye pH 9. FITC hung'aa kwenye alkali, na gliserini ikizidi mng'ao hufifia upesi. Soma slaidi ndani ya saa 2.

Ukungu mara nyingi hutokana na tishu nene. Gusisha slaidi kwenye ubongo uliokatwa, kisha nyonya ziada kwa karatasi mpaka libaki tabaka jembamba. Tabaka nene hunasa konjugeti. Kibaya zaidi, hubanduka ndani ya asetoni na kuhamia slaidi ya mnyama mwingine, ukapata chanya ya uongo. Kila sampuli iwe na chombo chake.

Bafa_Tris: Naongezea. Konjugeti ichujwe kwa kichujio cha mikromita 0.45, maana chembe zilizogandana hung'aa kama virusi. Kila loti mpya ya konjugeti ipimiwe nguvu kwa kuizimua: 1:10, 1:20, 1:40 na kuendelea. Tafuta ya mwisho inayong'aa kikamilifu, kisha tumia iliyo kali zaidi kwa hatua moja. Konjugeti isikauke juu ya slaidi. Weka karatasi iliyoloa ndani ya chemba (kisanduku cha kuwekea slaidi zikiwa na konjugeti). Kuosha mara 1 hakutoshi, fanya mara 2, kila mara dakika 3 hadi 5.

Mpimaji_Mifugo: Asanteni sana. Na sampuli zinazofika kwenye gliserini, au zimeshaanza kuoza?

Asetoni_Kavu: Za gliserini zioshe kwa PBS kabla ya kugusisha, la sivyo tishu haishiki kwenye kioo. Iliyooza ikionyesha chanya, ripoti chanya. Isipoonyesha kitu, tafadhali usiandike "hasi", andika "sampuli haifai". Vilevile hasi haitolewi bila kusoma serebela (ubongo mdogo wa nyuma) na shina la ubongo lililokatwa upande hadi upande, kwa sababu virusi vinaweza kuwa upande mmoja tu. Jibu hilo ndilo litakaloamua kama mtu aliyeumwa na mbwa huyo ataendelea na chanjo.