Mazabodi (bodi kuu) ya kompyuta ya dukani imeungua na dhamana ilishakwisha: ninunue ipi badala yake?

Binti wa Uluguru

Wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha, kwa sababu fedha yenyewe ni ya mtaji na sitaipata mara ya pili mwaka huu.

Nina duka dogo la steshenari mjini Morogoro, jirani na chuo. Kazi zangu ni kuchapa na kupanga kurasa za ripoti za wanafunzi, kutayarisha mitihani ya shule tatu za msingi, na kusanifu kadi za harusi na za michango kwa CorelDRAW na Photoshop. Yote hayo yalikuwa yakifanywa na kompyuta moja ya mezani ya aina ya ofisini, yenye kasha jembamba, prosesa ya i5-6500, RAM ya gigabaiti 8 na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Niliinunua mwaka 2020 ikiwa imeshatumika, na dhamana ya muuzaji ilikuwa ya miezi mitatu tu, kwa hiyo sina wa kumdai.

Jumanne ya wiki iliyopita umeme ulikatika mchana, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Tangu hapo nikibonyeza kitufe feni inazunguka kidogo kisha inasimama. Fundi wa hapa alifunga pawasaplai ya kompyuta nyingine ya aina ile ile na hali haikubadilika. Ndipo akanionyesha sehemu iliyo karibu na prosesa ambayo imebadilika rangi na inanuka kuungua. Anasema mazabodi imekufa, na ananitajia shilingi 350,000 kwa mazabodi iliyotolewa kwenye mashine nyingine, bila dhamana yoyote.

Bajeti yangu ni shilingi 900,000. Skrini, kibodi na printa mbili ni nzima. Muuzaji mmoja ananishawishi nichukue Core i7 kwa bei inayoniachia chenji nzuri, na nilipomwomba aniandikie namba kamili aliandika i7-4770. Shemeji yangu anasema niachane na kompyuta za mezani nichukue ya mpakato. Mimi mwenyewe moyo unavutwa kuitengeneza ile ile, kwa kuwa nimeizoea na kazi zangu zote zimo ndani yake, ikiwemo mitihani ambayo shule zinaihitaji kabla mwezi haujaisha. Nakala niliyoitoa pembeni mara ya mwisho ina miezi miwili. Ingekuwa ninyi, mngefanya nini?

Fundi Bodi

Pole sana, dada. Nianze na mafaili, kwa sababu hayo ndiyo yenye tarehe, na habari ni njema kuliko unavyodhani. Kufa kwa mazabodi si kufa kwa diski. Mwambie fundi aifungue diski, aiunganishe kwenye kompyuta yoyote kwa waya wa kugeuza SATA kuwa USB, na kama umeme haukuifikia utaona mafaili yako kama unavyoyaona kwenye flashi. Kikwazo kimoja tu kinaweza kujitokeza: ukiulizwa ufunguo wa tarakimu 48, maana yake diski ilifungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows, na ufunguo huo mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingilia siku ya kwanza. Fanya hivyo leo, kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote, na nakala zikae mahali pawili.

Pili, kabla hamjaizika mashine, mwombe fundi atoe RAM zote na kurudisha kipande kimoja kimoja, achomoe diski, na aangalie matundu ya USB ya mbele kama kuna pini iliyopinda na kugusana na mwenzake. Nimewahi kupokea mashine iliyokuwa ikizima papo hapo kwa sababu ya pini hiyo tu. Kwa harufu uliyoieleza sina matumaini makubwa, lakini ni ukaguzi wa dakika kumi.

Ikithibitika kuwa ni mazabodi, nakusihi usitoe ile 350,000. Mazabodi hiyo itakuwa na umri ule ule wa iliyokufa, imetoka kwenye mashine ambayo hujui ilipitia nini, na huwezi kufunga ya kawaida ya dukani badala yake, kwa maana mazabodi nyingi za kompyuta za ofisini zina umbo lao na plagi yao ya umeme isiyo ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo kasha na pawasaplai ulivyonavyo vinakulazimisha urudi kwenye kipuri kile kile kila kinapoharibika. Juu ya hayo, prosesa yako ni ya kizazi cha sita. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, kile kifaa cha usalama kilichomo ndani ya kompyuta. Utakuwa umelipa zaidi ya theluthi ya bajeti yako ili urudi kwenye mashine ambayo tayari ilikuwa inafikia mwisho wa njia.

Sababu hiyo hiyo inaiondoa i7-4770. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 4770 ni kizazi cha nne, prosesa iliyotoka mwaka 2013, yaani ni ya zamani kuliko hiyo iliyokuharibikia. (Kuanzia kizazi cha kumi tarakimu huwa mbili, kama i5-10500.) Inaniuma kuona wateja wakiuziwa neno "i7" kana kwamba lenyewe ndilo kompyuta. Wapo wanaoiingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine hizo, na inawaka kweli, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba masasisho yataendelea kufika.

Ningekuwa natafuta kwa niaba yako, ningetafuta kompyuta ya ofisini iliyotumika ya kizazi cha nane au cha tisa: Dell OptiPlex 3060, 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4, au Lenovo ThinkCentre M720. Prosesa ya i5-8500 ina viini sita ambapo yako ilikuwa na vinne, na kwa kadi za harusi na kurasa za mitihani uwezo wa picha uliomo ndani ya prosesa hiyo unatosha bila kadi ya picha ya ziada. Chagua lenye kasha kubwa la kusimama hata kama linakula nafasi mezani. Yale madogo kabisa yanapendeza, lakini yanatumia RAM za mpakato na chaja ya nje, na ndani hamna nafasi ya diski kubwa ya akiba. RAM iwe gigabaiti 16, ikiwezekana vipande viwili vya 8, na diski ya kuwashia iwe SSD, yaani diski isiyozunguka. Mabadiliko utakayoyahisi zaidi kila siku yatatoka kwenye SSD, kwa kuwa hata ile ya SATA ya kawaida husoma kwa kasi ya kama megabaiti 500 kwa sekunde, na diski ya kuzunguka ni nadra kufika 200.

Mhasibu Mstaafu

Binti yangu, mimi nitakwenda kinyume kidogo na fundi, pamoja na kumheshimu. Mashine iliyotumika imekuangusha mara moja. Unarudije sokoni kununua nyingine iliyotumika? Mtaji wa duka unahitaji kitu chenye dhamana ya mwaka mzima iliyoandikwa. Ningekushauri uunganishiwe kompyuta mpya kwa vipuri vya kawaida, yaani kasha la kawaida, pawasaplai ya pini 24, na mazabodi ya ukubwa unaouzwa kila mahali. Siku moja ikiungua, utabadilisha kile kilichoungua tu, na fundi yeyote wa Morogoro ataweza. Hoja hii ya vipuri fundi mwenyewe ameieleza vizuri, ila naona hakuifuata hadi mwisho wake.

Kuhusu mpakato, shemeji yako hana makosa kabisa, kwa maana betri yake ingekuokoa siku ile. Lakini una skrini kubwa na printa, unakaa mahali pamoja mchana kutwa, na mpakato ukiharibika mazabodi ni yale yale yaliyokukuta, pengine kwa gharama zaidi.

Fundi Bodi

Mzee, shikamoo. Nakubaliana nawe kwamba mashine ya vipuri vya kawaida ndiyo iliyo bora kwa muda mrefu, na kama bajeti ingekuwa shilingi 1,500,000 nisingetaja nyingine. Kwa 900,000, tukitoa fedha ya kinga ya umeme ambayo hatuna ujanja nayo, kinachobaki kitanunua mpya iliyo dhaifu. Zipo kompyuta ndogo mpya zenye prosesa ya Intel N100, zinakula umeme kidogo sana na kwa kuchapa barua zinatosha, lakini kwa CorelDRAW yenye picha nzito zimezidiwa na i5-8500 iliyotoka miaka kadhaa kabla yake. Dada atakuwa amenunua dhamana ya mwaka mmoja na subira ya miaka mitano.

Kinachofanya iliyotumika isiwe kamari ni ukaguzi, na hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Usilipe kabla mashine haijawashwa mbele yako, ikafanya kazi angalau nusu saa. Andika tpm.msc kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows uone kama toleo la TPM ni 2.0. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uhakikishe haina nywila. Kwenye Dell, chukua ile namba ya Service Tag iliyobandikwa kwenye kasha uiingize kwenye tovuti yao, utaona mashine ilitoka kiwandani lini na ikiwa na vitu gani. Fungua programu ya CrystalDiskInfo usome saa ambazo diski imetumika. Kisha omba Windows iwekwe upya mbele yako huku mashine ikiwa kwenye intaneti, kwa sababu kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa za kampuni za nje, na nyingine bado zimesajiliwa huko. Mashine ya namna hiyo, Windows ikianza upya na kuona intaneti, hukutaka uingie kwa barua pepe ya kampuni hiyo, na hapo umenunua chuma tu. Mwisho, dhamana iandikwe kwenye risiti ya EFD pamoja na namba ya mashine. Ahadi ya mdomo ndiyo uliyokuwa nayo mara ya kwanza.

Umeme Tanga

Naona mmeizungumza kompyuta vizuri, lakini kilichoiua hakijaguswa vya kutosha. Dada, mashine yoyote utakayonunua itachomekwa kwenye soketi ile ile.

Nunua UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, siku ile ile unayonunua kompyuta, na bora upunguze RAM kuliko kuiacha. Tafuta yenye kirekebisha volteji ndani yake, ile inayoinua au kushusha volteji bila kutumia betri kila mara. Usisome VA (kipimo cha ukubwa kinachoandikwa kwenye UPS) peke yake, soma na wati: UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba wati zisizofika 400, na kwa kompyuta ya ofisini pamoja na skrini moja hiyo inatosha kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza usiichomeke upande wa betri hata siku moja, kwa sababu inapopasha joto inavuta umeme mwingi kwa ghafla na inaweza kuiangusha UPS pamoja na kompyuta.

Jambo la pili linahitaji fundi umeme, nalo ni waya wa ardhini. Nimepima maduka mengi ya kupanga ambayo soketi zina matundu matatu lakini la tatu halijaunganishwa na chochote, na kinga ya umeme unaopanda ghafla kwenye soketi kama hiyo haifanyi kazi yake yote. Mpigie mwenye nyumba kabla hujafunga mashine mpya.

Binti wa Uluguru

Nimerudi kama nilivyoona ni haki kwenu. Diski ilisomeka bila kuulizwa ufunguo wowote, na mitihani yote ilikuwemo. Sasa ipo kwenye flashi moja na kwenye kompyuta ya dada yangu. Fundi alitoa RAM na kukagua USB za mbele kama mlivyoelekeza, mashine haikuamka, kwa hiyo nimekubali.

Juzi nilikwenda Kariakoo. Mzee, shikamoo, maneno yako niliyabeba na niliuliza bei ya kuunganishiwa mpya. Ya chini iliyofaa ilipita bajeti yangu hata kabla ya UPS. Mashine ya kwanza ya kizazi cha nane niliyoonyeshwa ilikuwa safi, kasha halina mkwaruzo, na muuzaji alishangaa nilipoomba Windows iwekwe upya ikiwa kwenye intaneti. Tulikaa tukisubiri, na ilipofika katikati ikaleta nembo ya kampuni nisiyoijua na kutaka barua pepe ya mfanyakazi wake. Nilimshukuru nikaondoka. Ya tatu, kwenye duka jingine, ilipita kila kitu: i5-8500, kasha la kusimama, gigabaiti 16, SSD ya 256, dhamana ya miezi sita kwenye risiti. Pamoja na UPS imebaki shilingi 70,000, nayo nimempa fundi umeme, kwa sababu tundu la tatu la soketi yangu kweli halikuwa na waya.

Mitihani ya shule mbili imeshatoka. Ya tatu naichapa kesho asubuhi.