Watu wanane, siku nne milimani Taita: tupunguze wapi uharibifu?

Mpwani_Kisauni
Assalaam aleikum wanajukwaa. Tuko watu wanane, twapanga siku nne za mlima mwezi wa Januari. Wengine wataka Mlima Kenya, wengine wasema Taita yatosha. Nia yetu ni kwenda bila kuacha taka wala madhara. Mpango ulivyo sasa: kukodi matatu ya viti 14, kununua chakula chote na maji ya chupa huku Mombasa, kulala kwenye mahema na kupikia kuni. Tubadilishe nini? Semeni wazi, bado hatujalipa chochote.

Mdawida_wa_Pwani
Wa aleikum salaam. Badilisheni karibu yote, na muanze na mahali. Mombasa hadi Nairobi pekee ni kilomita 480 hivi, na Naro Moru, pa kuanzia kupanda Mlima Kenya, bado iko mbele. Voi ni kama 160 tu. Tena siku nne, safari ikiwemo, hazitoshi Mlima Kenya: anayeharakishwa hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, mwili haujazoea hewa, huishia kuteremshwa mgonjwa. Taita mna kilele cha Vuria, mita 2,208, na mna misitu ya Ngangao na Mbololo yenye ndege wasiopatikana kwingine duniani.

Matatu ya kukodi iacheni. Mara nyingi dereva huwashusha, hurudi Mombasa mtupu, kisha huja tena kuwachukua, kwa hivyo mafuta yachomwa safari nne badala ya mbili. Pandeni treni Miritini, ile inayosimama vituo vya njiani, mshuke Voi, kisha matatu za kawaida za kwenda mji wa Wundanyi, huko milimani Taita, kupitia Mwatate. Treni yetu yatumia dizeli, si umeme, lakini itaondoka mkiwemo au msiwemo.

Kuni ni marufuku kwangu. Gogo linalooza ni makao ya wadudu na uyoga, na msitu kama Ngangao ni hekta mia na ushee tu. Wageni wakiokota kila wiki hakuna kinachobaki. Januari nayo ni kavu, cheche moja yatosha. Tumieni mtungi wa gesi wa kilo 6. Jiko moja likiwaka saa tatu kwa siku halifikishi kilo 3 kwa siku nne. Usibebwe kutoka Mombasa, maana gesi haipiti ukaguzi wa treni. Piga simu mapema kwa mtakapofikia mkaulize kama wanao.

Mahema pia yafikirieni upya. Watu wanane mahali pamoja usiku tatu huua nyasi na kushindilia udongo, maji ya mvua yakashindwa kupenya. Laleni nyumba za wageni Wundanyi au kwa wenyeji, mpande mchana. Pesa zabaki kwa wanaoutunza mlima.

Bi_Mapishi_Majengo
Upande wa chakula: mboga, ndizi, viazi na parachichi vyalimwa huko huko, msivipandishe kutoka soko la Kongowea. Kutoka nyumbani chukueni vikavu tu, vilivyopimwa. Mchele gramu 120 kwa mtu kwa mlo, unga wa ugali gramu 150. Vitoeni kwenye pakiti, mvitie kwenye makopo yenye vifuniko. Kinachozalisha taka milimani ni biskuti, krispi na juisi ndogo ndogo. Badala yake pikeni mahamri na kashata.

Maharage makavu yaacheni. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hivyo yatakula gesi saa nyingi na bado yawe magumu. Pojo (choroko) ni bora: gramu 80 kwa mtu, loweka usiku, chemsha kwa dakika 15 sufuria ikiwa imefunikwa, zima, kisha uizungushie blanketi zito kwa saa moja. Zitaiva zenyewe. Wanaokosea hutia maji machache au hufunua kuchungulia, na joto lapotea. Sufuria iwe imejaa angalau nusu, ikiwa tupu sana hupoa haraka.

Fundi_Maji_Changamwe
Hesabu ya chupa kwanza: lita 3 kwa mtu kwa siku, watu wanane, siku nne, ni lita 96. Hizo ni chupa 192 za nusu lita! Na chupa za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na hifadhi za taifa tangu tarehe 5 Juni 2020. Kila mtu awe na chupa yake ya lita moja, na jerikeni moja ya lita 20 ibaki mnapolala.

Maji ya bomba au kijito yachujeni kwanza kwa leso safi iliyokunjwa mara nne, kisha mtie dawa ya klorini. Usipochuja, tope humaliza nguvu ya klorini kabla haijaua vijidudu, na watu hudhani dawa ni mbovu. Kipimo fuateni cha kwenye chupa ya dawa, koroga, subiri dakika 30, na maji yakiwa baridi sana subiri zaidi. Mkichemsha, juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu.

Choo: tumieni cha mnapolala kabla ya kupanda. Mtu akibanwa njiani, achimbe shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua 70 au zaidi kutoka kijito chochote, kisha afukie. Kopo la maji ni zuri kuliko karatasi, mradi asilichovye kijitoni baada ya kulitumia. Vitambaa vya kupangusia, pedi na pampasi vina plastiki, havifukiwi, vyarudi na mwenyewe. Sabuni vilevile isifike kijitoni, hata ile inayouzwa kama ya asili. Bondeni kuna watu wanaokinga maji hayo. Na sisi wa Mombasa tusisahau kwamba maji ya chemchemi za Mzima tunayoyanywa ni mvua iliyonyesha vilima vya Chyulu.

Mpwani_Kisauni
Shukran sana, ndugu zangu. Treni na pojo zimepita bila ubishi. Mbili zimebaki: nguo za baridi hatuna, na je, taka tuziache Wundanyi?

Mdawida_wa_Pwani
Nguo msinunue mpya kwa siku nne. Mitumba ya Kongowea ina masweta ya sufu na makoti ya mvua. Jinzi ziacheni, zikilowa hazikauki huko juu.

Viatu visuguliwe kwa brashi na maji kabla ya kuondoka, tope lote la soli litoke, kwa sababu mbegu za magugu husafiri humo. Njiani mkikuta matope, piteni katikati. Kila anayeyakwepa kando huipanua njia, na pembeni kwenye majani makavu ndipo ndege kurumbiza wa Taita anapotafutia chakula. Msiwachezee ndege sauti zao kwenye simu, huacha kula wakaja kutetea eneo.

Taka msiziache. Maganda wapeni wenyeji kwa mbolea au mifugo, plastiki na mikebe ioshwe, ibanwe, irudi kwenye gunia hadi Mombasa, ambako wanunuzi wa plastiki kwa kilo wapo. Mteueni mmoja wa kubeba gunia kila siku, kwa zamu. Likiwa la wote, halibebwi na yeyote.